Mtungi wa Kwenda Nao Mwamgongo

Boti za abiria ziendazo kaskazini mwa Kigoma huondokea Kibirizi, na mzigo wake ni wa kila namna: magunia ya unga, kreti za soda, mabati, magodoro yaliyofungwa kamba, kuku, na siku hizi mitungi ya gesi. Hugusa vijiji vya ufukweni, hupita ubavuni mwa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, hushusha watu Mwamgongo, kisha huendelea hadi Kagunga karibu na mpaka wa Burundi. Anayekwenda kupiga kambi upande huo, awe mwanafunzi wa utafiti, mgeni aliyekuja kuona sokwe au mvuvi wa dagaa, hukata shauri la moto wake kabla boti haijasukumwa majini. Muuza gesi humwuliza swali moja tu: mdogo au mkubwa? Wengi hulijibu wakiwa wameshashika pochi. Mimi nimelifikiria kwa muda mrefu, na kila ninapolirudia naliona zito zaidi.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu mazungumzo ya gesi huwa porojo. Mitungi iliyozoeleka madukani Tanzania ni ya kilo 3, 6, 15 na 38. Namba hizo ni uzito wa gesi peke yake. Chuma kina uzito wake, nao umegongwa juu ya mtungi karibu na mshikio. Kwa hiyo mtungi wa kilo 6 uliojaa hupita kilo 12 mkononi, na wa kilo 15 hukaribia 30. Wa kilo 38 tuuache kwa hoteli na shule. Jiko dogo linalofungwa juu ya mtungi, likiwashwa moto wote, hula gesi kati ya gramu 150 na 200 kwa saa. Hapo kilo 3 ni saa 15 hadi 20 za moto, na kilo 6 ni saa 30 hadi 40. Kuchemsha lita moja ya maji, kwa sufuria yenye mfuniko na mahali pasipo upepo, hula kama gramu 14. Watu wanne wakinywa chai asubuhi na jioni, wakasonga ugali wa muhogo na kuunga samaki wa migebuka kwa mawese mchana, na usiku wakachemsha maharage yaliyolowekwa tangu asubuhi, watatumia karibu nusu kilo kwa siku. Siku tano ni kilo mbili na nusu. Kwa hesabu hiyo mtungi wa kilo 3 unatosha na kubakiza.

Lakini hesabu hiyo imepigwa ndani ya nyumba. Ufukweni kuna upepo. Mchana huvuma kutoka ziwani kuelekea milimani, usiku hugeuka ukashuka kutoka milimani kuelekea ziwani, na wakati wa kiangazi upepo wa kusini hulichafua ziwa siku nzima. Moto ukilala upande, joto huishia hewani na maji hukawia kuchemka. Gesi iliyopangiwa siku mbili huisha kwa siku moja. Wengi huzungushia jiko bati au mawe. Ni busara, isipokuwa jiko likiwa limefungwa juu ya mtungi wenyewe, kwa sababu hapo kinga hurudisha joto kwenye chuma chenye gesi, na hilo ni jambo la kuogopwa kwa dhati. Kinga ikae upande mmoja tu, tena kwa nafasi, au jiko litenganishwe na mtungi kwa mpira na regulata ili mtungi ukae mbali na moto.

Na ufukweni kuna watu. Mpishi wa kambini Mwamgongo hapikii wanne. Yupo aliyekupokea mizigo kutoka botini, yupo mzee aliyekuja kukujulia hali na kukuuliza utokako, yupo mama aliyekuletea ndizi, wapo watoto. Sijaona kambi ya maana katika ufukwe huu ambayo sufuria yake ilikuwa ya watu walioandikwa kwenye orodha peke yao. Anayenunua gesi kwa kuhesabu vichwa vya kundi lake amesahau yuko pwani ya nani.

Jambo jingine linalowachanganya wageni ni mtungi mdogo kudhoofika kabla haujaisha. Gesi yetu ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani iliyogandamizwa hadi ikawa maji. Ili itoke kama gesi ni lazima ivute joto kutoka kwenye chuma kilichoizunguka. Propani hugeuka kuwa gesi hata kwenye baridi ya nyuzi 42 chini ya sifuri. Butani hugoma ikikaribia sifuri. Kwa mpanda Mlima Kilimanjaro tofauti hiyo inaweza kumnyima chai. Kwenye joto la Ziwa Tanganyika, hata usiku, zote mbili hutoka bila shida. Ila mtungi mdogo ukilazimishwa kutoa moto mkubwa saa nzima hupoa, hutoka jasho kwa nje, na moto hushuka. Mtu akidhani umekwisha huutupa kando ungali na gesi. Dawa ni kuupumzisha au kupunguza moto. Ukitaka kujua imebaki kiasi gani, mwagia maji ya vuguvugu ubavuni kisha pitisha kiganja: pale chuma kinapoanza kuwa baridi ndipo gesi ilipofika.

Huko Marekani wapiga kambi wengi hubeba vichupa vya propani vya ratili moja, gramu 450 hivi, vinavyotumika mara moja na kutupwa. Mtu akija navyo Mwamgongo, atavitupa wapi? Milima inaanzia nyuma ya nyumba za kijiji na ziwa linaanzia mbele yake. Chochote kinachotupwa kinabaki kati ya hivyo viwili. Mtungi wa kurudi dukani, hata uwe mzito namna gani, ndio unaofaa kijiji kama hiki.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Ukubwa wa mtungi hupimwa kwa siku ya mwisho ya safari. Siku ya kwanza kila mtungi ni mkubwa. Siku ya mwisho, au usiku wa kuamkia siku ya mwisho, gesi ikikata maharage yakiwa hayajaiva, hakuna anayelala na maharage mabichi. Kijana atapewa panga, ataambiwa asikawie.

Atakwenda wapi? Kuni kavu zilizo karibu na njia zimekwisha kuokotwa na akina mama wa kijiji, ambao kwao kuni ni kazi ya kila wiki na umbali wake wanaujua kwa mgongo. Kilichobaki karibu, chembamba, rahisi kukatwa kwa pigo moja, ni machipukizi. Na machipukizi ya vilima vya Mwamgongo yana historia ambayo mgeni mwenye haraka haijui.

Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na mama yake Vanne na mpishi, msitu ulikuwa umetanda ukingoni mwa ziwa ukivuka mipaka ya hifadhi pande zote. Mwaka 1990 aliporuka kwa ndege ndogo juu ya eneo hilohilo, aliona msitu mdogo wa hifadhi umebaki peke yake katikati ya vilima vilivyo vitupu. Waliokata miti hiyo walikuwa wanapika, wanalima na wanajenga. Watu walikuwa wameongezeka, wengine wakiwa wamekimbia vita nchi jirani, na ardhi kati ya mlima na ziwa haikuongezeka hata hatua moja. Mwaka 1994 taasisi yake ilianzisha mradi wa TACARE katika vijiji vinavyozunguka Gombe, Mwamgongo kikiwamo. Walianza kwa kuwasikiliza wanakijiji wanataka nini, kisha vikaja vitalu vya miche, majiko yanayotumia kuni chache, mikopo midogo, na baadaye mipango ya matumizi ya ardhi iliyowezesha vijiji kutenga misitu yao wenyewe.

Katika hayo yote kuna moja lililonigusa kuliko mengine. Visiki vilivyoonekana vimekufa mlimani vilikuwa na mizizi hai ardhini. Vikiachwa, visikatwe tena wala kuchomwa moto, huchipua vyenyewe, na ndani ya miaka michache panakuwa na mti uliomzidi mtu kimo, bila mche hata mmoja kupandwa. Sehemu ya msitu unaoonekana leo juu ya vijiji hivi imerudi kwa njia hiyo, kwa uvumilivu wa watu waliokubali kupita kando ya kuni nzuri na kuziacha zisimame. Machipukizi hayo ndiyo yanayomfaa zaidi mpiga kambi aliyeishiwa gesi. Yako chini, hayana ulinzi, na yanakatika upesi. Dakika tano za panga hula miaka mitano ya subira ya mtu mwingine. Na upande wa pili wa mpaka wa hifadhi, hatua chache kutoka mashamba ya Mwamgongo, huzunguka jamii ya sokwe ya Mitumba, ambayo haina pengine pa kwenda.

Ndiyo maana nasema mtungi mdogo si lazima uwe wa gharama ndogo. Unaweza kuwa umeokoa fedha Kibirizi na kuwakopa watu wa Mwamgongo bila kuwaambia.

Wapiga kambi wakubwa wa ufukwe huu, tena wa miaka mingi, ni wavuvi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikipevuka taa hazina nguvu, na wavuvi hupumzika, hutengeneza nyavu, hurudi nyumbani. Safari yao kwa hiyo hufuata mwezi: wiki tatu hivi za kazi, wiki ya kupumzika. Kwa kundi linalokaa kambini wiki tatu, mtungi wa kilo 6 ni wa kuchemshia chai tu. Kilo 15 ndiyo inayoanza kufanana na mwezi wao. Watu hawa wanajua kupima nishati kuliko mtaalamu yeyote wa dukani. Walipokuwa wakitumia karabai, kila usiku ulikuwa na kipimo chake cha mafuta ya taa, na aliyekosea kipimo alizimikiwa katikati ya ziwa, nyavu zikiwa majini. Kisha zikaja taa za betri na za sola, wakabadili. Nikisikia mtu akisema wavuvi ni wagumu wa kubadili moto wa kupikia, namkumbusha karabai.

Lakini haki itendeke: gesi haifanyi kila kazi ya kambi ya uvuvi. Dagaa hukaushwa kwa jua juu ya mchanga, kokoto au chanja, na jua halihitaji mtungi. Mvua zinapoanza, au mzigo ukiwa wa migebuka, moshi unatakiwa, na moshi unatoka kwenye kuni. Yapo makapi ya ngazi za mchikichi, yanawaka vizuri, na Kigoma michikichi si haba. Ila hayatoshi peke yake. Kwa hiyo mwenye kambi ya samaki akisema anahitaji kuni, asikilizwe. Anachoweza kufanya kwa mtungi ni kuondoa sufuria kwenye kuni, ili kuni chache alizonazo ziende kwa samaki.

Kuhusu boti yenyewe nina maneno ya kusema, na nayasema kwa uzito. Gesi hii ni nzito kuliko hewa. Ikivuja ndani ya nyumba hutambaa sakafuni. Ikivuja ndani ya boti ya mbao hushuka chini ya mbao za kukanyagia, hukaa juu ya maji yaliyoingia, na hakuna tundu la kuitoa. Inangoja cheche, na nyuma ya boti kuna injini. Harufu kali tunayoijua imetiwa kwa makusudi, maana gesi yenyewe haina harufu ya kumtahadharisha mtu. Lakini katikati ya petroli na samaki pua huchelewa. Mtungi usafiri umesimama wima, umefungwa usibingirike, mahali penye hewa, mbali na injini na mbali na mtu anayevuta sigara. Ukilazwa, gesi ya majimaji hukaa kwenye koki, na ikivuja hapo hutoka nyingi zaidi. Wala usiachwe juani kutwa nzima: kiwandani huachwa nafasi juu ya gesi ili ipate pa kutanukia, na nafasi hiyo ndiyo usalama wenu. Hapa pia ukubwa unahusika. Mtungi wa kilo 6 mtu mmoja huushusha akiwa amesimama ndani ya maji ya magoti huku wimbi likiisukuma boti. Wa kilo 15 unataka watu wawili, na ziwa liwe limetulia.

Tangu zamani ziwa hili humlazimisha msafiri kukabiliana na alichokibeba. Mpelelezi Livingstone alirudi Ujiji, jirani na Kigoma, Oktoba 1871 akiwa hoi, akitegemea bidhaa zilizotumwa kwake kutoka pwani, akakuta zimekwisha kuuzwa. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, kilometa 1,250 hivi za chuma, na bado ukingo wa kaskazini uliendelea kuishi kwa boti. Gesi inayowaka Mwamgongo imevuka bahari kwa meli, imeshushwa bandarini mashariki mwa nchi, imevuka Tanzania nzima, kisha imepanda boti Kibirizi. Kila hatua ina bei yake, na ya mwisho, iliyo fupi kuliko zote, ndiyo inayoamua kama mtungi utajazwa tena.

Nalisema hili kwa sababu serikali nayo imeshajibu swali la mdogo au mkubwa. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Taasisi zinazopikia zaidi ya watu 100 zilitakiwa kuacha kuni na mkaa tangu Januari 2024. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umekuwa ukisambaza vijijini mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Nauelewa uchaguzi huo: ni mtungi unaobebeka, bei ya kuanzia ni ndogo, na mama anaweza kuupandisha kilimani mwenyewe. Naunga mkono kwa moyo wote. Lakini kaya ya watu wanane Mwamgongo, ikipika kila kitu kwa gesi, itaumaliza mtungi huo kabla mwezi haujafika nusu, na kuujaza ni nauli ya kwenda na kurudi, siku nzima ya kazi, na ziwa likubali. Kwa mtu wa mjini Kigoma, kilo 6 ni mtungi wa nyumbani. Huko kaskazini, Mwamgongo, mtungi uleule ni wa kambi, unaotumiwa na watu ambao hawako kambini, wako kwao. Ukiisha, jiko hukaa pembeni likiwa safi, na mafiga hurudi kazini.

Kwa mgeni na kwa mwenyeji, nimefikia jibu moja ambalo muuzaji huwa hatoi: miwili midogo. Kwa kambi ya watu wanne wa siku tano, kilo 6 na kilo 3. Kwa kundi la watu wanane wa wiki nzima, kilo 6 mbili badala ya 15 moja. Uzito unakaribiana, lakini mzigo unagawanyika kwa mikono miwili, moto unagawanyika kwa masufuria mawili, na koki moja ikileta matata Mwamgongo, ambako fundi wake hayuko jirani, nyingine ipo. Zaidi ya hayo, mtungi wa kwanza ukiisha unajua kwa hakika ulichobakiza. Mwenye mtungi mmoja mkubwa hubahatisha mpaka moto uzimike. Kabla ya kubeba mtungi wowote, takeni uwekwe kwenye mizani. Muuzaji anatakiwa kuwa nayo, na kutoa uzito wa chuma kwenye jumla ni kazi ya nusu dakika.

Kwa wanakijiji miwili ina faida kubwa kuliko hiyo. Siku ule wa pili unapofunguliwa, wa kwanza hupanda boti ya asubuhi kwenda Kibirizi na kurudi wakati wowote kabla wa pili haujaisha, bila sufuria kungoja. Kaya moja kuweka akiba ya mtungi mzima ni mzigo. Vikoba, ambavyo wanawake wa vijiji hivi wanajua kuviendesha, vingeweza kuubeba: kaya kumi, mitungi yao kumi, na mitatu ya akiba iliyo mali ya kikundi, ikizunguka kati ya kijiji na mji kwa nauli ya mtu mmoja badala ya kumi. Ruzuku inayotolewa kwenye mtungi wa kwanza ingefika mbali zaidi ikigusa na hiyo mitatu, na banda dogo lenye hewa pale boti zinaposhushia mizigo, na mizani yake.